Umri wa Bibi Haukuwa Kwenye Kitambulisho

Kitambulisho cha bibi yangu kilionyesha kwamba alizaliwa tarehe 1 Januari 1935. Tarehe hiyo ilikadiriwa na karani aliyemwandikisha, kwa kuwa bibi hakuwa na cheti cha kuzaliwa, na yeye mwenyewe hakuwahi hata mara moja kuitaja kuwa ni siku yake. Alipofariki nyumbani kwake Kibokoni, Mombasa, akazikwa Kikowani baada ya sala ya alasiri, wajukuu tuliafikiana kwamba maisha yake yaandikwe, nami ndiye niliyeshika kalamu. Nayasema haya kwa ajili ya yeyote aliye na bibi mkongwe, awe yu hai au ametangulia mbele ya haki, kwa sababu yako niliyoyafanya vyema na yako niliyochelewa kuyafanya, na kuchelewa huko kunaniuma hadi leo.

Kwa miaka mingi nilikuwa nikimuuliza swali lisilokuwa na manufaa: "Bibi, jambo hili lilitokea mwaka gani?" Naye hunijibu, "Zamani, mamangu," na mazungumzo yakaishia hapo. Nilidhani amesahau, kumbe hakuwa amesahau kitu. Maisha yake aliyahesabu kwa mambo yaliyoupata mji wake, wala si kwa tarakimu. Siku nilipomuuliza kama alikuwa ameshaolewa wakati Ngome Kongwe, yaani Fort Jesus, ilipokuwa jela, alicheka, akaniambia kwamba mtoto wake wa tatu alizaliwa mwaka uleule wafungwa walipoondolewa mle. Jela hiyo ilifungwa mwaka 1958. Kutoka hapo nikaanza kuupata uzi. Alisimuliwa na mama yake kwamba alivushwa mgongoni, akiwa bado hajaanza kutambaa, kwenye daraja la maboya la Nyali lilipokuwa jipya, na daraja hilo lilijengwa mwaka 1931, muda mrefu kabla ya hili la saruji tulilolipata mwaka 1980. Manowari za Waingereza zilipojaa Kilindini mwaka 1942, yeye na mdogo wake waliandamana na baba yao kwenda kuzitazama, na bado alikuwa hajafikia umri wa kuvaa buibui. Ukiyaweka mambo hayo matatu pamoja, utaona kwamba karani alimpunguzia bibi yangu miaka minne hivi. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni kwamba mzee asiulizwe mwaka. Aulizwe ni nini kilichokuwapo na ni nini kilichokuwa hakijajengwa, ni nani aliyekuwa hai, na yeye wakati huo alikuwa na watoto wangapi, kisha kazi ya kutafuta miaka uifanye mwenyewe.

Jambo la pili ninaliona kuwa zito kuliko hilo la miaka. Katika daftari langu la kwanza niliyasanifisha maneno yote ya bibi, nikidhani kwamba ndiyo heshima. Yeye akisema "ndoo", mimi naandika "njoo". Akisema "mato", naandika "macho". Mtanga wa pwani nikaugeuza kuwa mchanga, na ndia nikazifanya njia. Nilipoyasoma tena baada ya msiba, nilikuta habari zake zote zimo lakini yeye mwenyewe hayumo. Kimvita, lahaja ya Mombasa, kilikuwa ndicho kinywa chake, na mtu aliyeishi miaka tisini na zaidi akisema "ndoo, mamangu" hastahili kusahihishwa na mjukuu wake. Yaandikeni maneno ya wazee wenu kama yalivyotamkwa, na kama kuna neno ambalo watoto hawatalifahamu, maana yake iwekwe pembeni.

Sauti yake niliirekodi pia, mara tatu, kwenye simu moja tu, na simu ile ikanipotea. Sauti na iwekwe mahali pawili au patatu siku ileile inaporekodiwa.

Kuhusu vitu, msiharakishe kuvigawa. Leso za bibi zilikuwa zimejaa sanduku zima, na katika siku za tanga nusura zote zichukuliwe kuwa ukumbusho na jamaa waliokuja kutupa pole, tena kwa mapenzi ya kweli. Mama yangu aliomba zisubiri mpaka hitma ya arubaini. Katika muda huo tuliwaita mashoga zake waliobaki, tukazikunjua doti moja moja na kuyasoma majina yake, yaani maneno yaliyoandikwa juu yake, nao wakatueleza kila moja ilinunuliwa kwa ajili ya harusi ya nani au iliambatana na ugomvi gani. Leso iliyoandikwa "Subira huvuta heri" tulijua kwamba alipewa na somo yake katika mwaka ambao babu alikuwa baharini na barua zake hazikuwa zikifika. Laiti sanduku lile lingegawanywa siku ya tatu, habari hiyo ingetawanyika pamoja na vitambaa. Yako pia mambo ambayo mashoga zake walituomba tusiyaandike, nasi hatukuyaandika, kwa maana siri ya marehemu bado ni mali yake.

Baada ya kuandika, msomeeni aliyemjua. Mimi nilikwenda kwa mdogo wake bibi, ambaye sasa macho yake hayaoni vizuri, nikamsomea daftari lote kwa alasiri mbili. Alinisikiliza kimya mpaka nilipofika kwenye habari ya manowari za Kilindini, kisha akanishika mkono nisiendelee. Alisema kwamba siku ile hawakuwa watoto wawili, walikuwa watatu. Palikuwa na dada yao mwingine aliyefariki kabla hajakua, ambaye katika ukoo wetu mzima hakuna aliyepata kutusimulia habari zake. Jina lake nililiandika palepale, chini ya jina la bibi.