Fontina ya mlimani: nile au nisile?

SWALI: Salaam aleikum dada. Mimi napika kwa Waitaliano hapa Casuarina, Malindi. Mama mwenye nyumba kaja na kipande cha jibini la fontina toka kwao Valle d'Aosta, kule milimani kaskazini mwa Italia, ganda la kahawia, harufu kama stoo iliyofungwa masika yote. Hilo ganda laliwa? Na mimi ni Muislamu, naweza kuila? Mwezi wa saba wanataka kunipeleka kwao nikaone inavotengenezwa, niende wapi?
Mpishi, Malindi

JIBU: Waaleikum salaam kaka, na hongera kwa safari. Harufu isikutishe, fontina hulazwa siku 80 au zaidi kwenye mapango ya baridi na unyevu, inageuzwa, inasuguliwa kwa brashi na maji ya chumvi, sasa ganda likitoka huko litanukia nini tena. Wewe likate uliweke kando, utamu uko ndani.

La kula, hapo nenda taratibu. Fontina hugandishwa kwa dawa inayotoka tumboni mwa ndama, na huyo ndama kachinjwa vipi huwezi kujua kwa kuangalia jibini. Sisi wa pwani wengi ni Mashafii na kwetu jambo hili lina uzito, kwa hiyo muulize sheikh wako kabla hujaonja, mimi sitakutolea fatwa hapa. Yako majibini mengine yanayogandishwa kwa dawa isiyo ya mnyama, soma pakiti. Na kwa vile fontina ni ya maziwa mabichi, kama nyumbani kuna mja mzito asipewe hivihivi, mpikie mpaka iive vizuri.

Sasa safari, na hapa ndo nataka unisikilize. Mwezi wa saba ndo wenyewe, maana kuanzia mwezi wa sita mpaka wa tisa ng'ombe wanapandishwa malisho ya juu kabisa, na maziwa ya kule huyashushi kila siku ukauze, ndo wakayageuza jibini kubwa la kuwekeka mpaka baridi ipite. Kipande kizima kina kilo 7 na nusu mpaka 12 na kinakula karibu lita 100 za maziwa! Waombe wenyeji wako wakupeleke kwenye zizi la mlimani wakati wa kukamua, alfajiri au jioni, kwa sababu fontina hutengenezwa mara mbili kwa siku, maziwa yakiwa bado na joto la ng'ombe, ukichelewa utakuta wanaosha vyombo. Simama karibu na ile sufuria kubwa ya shaba uangalie maziwa yalivyoganda yanakatwakatwa mpaka yanakuwa punje kama za mahindi, halafu yanapashwa moto kufika nyuzi 46 hadi 48 huku yanakorogwa bila kuachwa, mpishi kama wewe utaelewa mara moja kwa nini mkono haupumziki.

Ukitoka hapo shukeni kijiji cha Valpelline, ushirika wa wazalishaji una kituo cha wageni, na jirani yake Ollomont jibini hulazwa ndani ya mgodi wa zamani wa shaba. Beba sweta nzito, mtu wa Malindi kule juu atatetemeka hata mwezi wa saba. Ukitaka kununua uliza ile ya alpeggio, yaani ya malisho ya juu, bei imesimama lakini rangi yake ya manjano na ladha ya majani utaiona tofauti.

Safari ikikwama, Tigoni kule Limuru kuna watengeneza jibini wanaopokea wageni, piga simu mapema tu.