Usikubali Hedi Ifunguliwe Kabla Hujaunusa Moshi

Juzi nimepata ujumbe kutoka kwa kijana mmoja wa Mokowe, Lamu upande wa bara. (Wanaodhani Lamu ni punda na mashua tu, Mokowe magari yapo, na yanaharibika kama ya kwetu.) Pikapu yake ya dizeli inatoa moshi mweupe, fundi keshamwambia gasketi ya silinda hedi (kile kizibo chembamba chini ya hedi, kifuniko cha juu cha injini, kinachozuia maji yasiingie kwenye silinda) imekwenda, na anataka pesa za kuanzia kazi kesho asubuhi. Aliniuliza: "Kaka, nimpe?"

Nikamjibu neno moja tu: subiri. Halafu usingizi ukanipaa, maana mimi yaliponikuta nilitoa pesa.

Yangu ni Hilux ya zamani, injini ya dizeli aina ya 3L. Ni chuma kweli kweli, na sisemi kwa kujisifu. Nimeibebesha nazi na maembe ya Magarini miaka na miaka, na daraja la Sabaki inalijua kuliko mimi. Msimu mmoja wa maembe, alfajiri, natazama kioo cha pembeni naona wingu. Vijana wawili wa bodaboda waliokuwa nyuma yangu wamejifunika pua kwa mikono ya mashati. Nilipofika mjini, mzee mmoja wa Kitaliano aliyekuwa akinywa kahawa nje ya mkahawa aliniuliza kama Papa mpya amepatikana, maana kwao Roma hutangazwa kwa moshi mweupe. Watu wakacheka. Mimi nikacheka pia, lakini tumbo lilikuwa linanikata.

Fundi wangu hakuinama hata kufungua boneti. Alisimama mbali, mikono kiunoni, akasema, "Moshi mweupe ni maji, bwana. Gasketi hiyo." Nikamwamini kwa sababu alisema kwa sauti ya mtu asiye na shaka. Hedi ikatolewa, ikapelekwa kuchongwa, gasketi mpya, oili mpya, siku sita gari juu ya mawe. Shilingi 38,000. Maembe ya watu yakaoza, na mwenye maembe mmoja hadi leo hanisalimii vizuri.

Siku ya saba nikawasha gari. Wingu lile lile.

Sitaeleza nilivyogombana na fundi, haina faida. Nitaeleza kuhusu mzee mmoja wa Mambrui, fundi wa mashine za mashua, aliyekuja kwangu kununua nazi akakuta naitukana gari. Hakugusa spana. Aliomba kipande cha boksi, akanambia nikiwa bado sijalizima gari, nikishike nyuma ya ekzosi kwa muda mfupi. Kikatoka na madoa ya mafuta. Akanipa puani. Dizeli tupu. Macho yakaniwasha, na hapo ndipo nikawakumbuka wale vijana wa bodaboda na mashati yao. Wao walikuwa wameshalitambua tatizo bure, bila shilingi hata moja.

"Maji hayanuki dizeli," mzee akasema.

Kisha akalegeza nati za mabomba yanayopeleka dizeli kwenye nozeli, vile vipua vinavyopulizia dizeli ndani ya silinda, moja baada ya nyingine, injini ikinguruma, kitambaa juu yake. Msiige kwa mikono mitupu: dizeli ile inatoka kwa nguvu ya kupasua ngozi. Ya kwanza ilipolegezwa injini ikakohoa. Ya pili ikakohoa. Ya tatu, kimya, haikubadilisha mlio wowote. Maana yake silinda ya tatu ilikuwa haifanyi kazi. Injini ya dizeli haina cheche. Hewa inabanwa mpaka inapata joto, na dizeli inayoingia kama ukungu inashika moto yenyewe. Nozeli yangu ya tatu tulipoipeleka kupimwa kwenye mashine haikutoa ukungu, ilidondosha kama bomba la jikoni lililoliwa mpira. Matone hayaungui vizuri, yanatoka nyuma yakiwa moshi mweupe. Nilibadilisha zote nne, pamoja na kazi, shilingi 9,500. Siku moja.

Basi, ndugu zangu, nusa. Nusa kabla ya kumpigia fundi. Mvuke wa asubuhi unaokwisha injini ikipata moto ni umande wa ekzosi, kunywa chai yako. Moshi unaonuka dizeli na kuwasha macho, tazama nozeli. Ukija asubuhi tu gari likiwa baridi na linasumbua kuwaka, anza na hita plagi, zile zinazopasha silinda moto kabla ya kuwasha. Chujio la dizeli nalo likaguliwe, maji yasiwemo. Moshi wenye harufu tamu tamu ya kulanti (dawa ya maji ya rejeta), huku rejeta inapungua na hakuna tone chini ya gari, hapo gasketi au hedi iliyopasuka ina kesi ya kujibu.

Na hata hapo usikubali maneno matupu. Gari likiwa limepoa kabisa (likiwa la moto utababuka uso), fungua kifuniko cha rejeta, washa, utazame kama mapovu yanapanda bila kukoma. Chomoa kijiti cha oili: ikiwa imekuwa kama chai ya maziwa, maji yameingia. Piga alama ya kalamu kwenye chupa ya maji ya rejeta, urudi baada ya siku tatu. Na jamani tuache kutia rejeta maji ya visima vyetu vya chumvi. Tunaikaanga injini wenyewe halafu tunalaumu Wajapani.

Nanyi vijana mnaonunua gari la kwanza, acheni kuona haya. Mnaona haya kuinama nyuma ya gari lenu barabarani mkanusa, lakini hamwoni haya kumhesabia mtu elfu thelathini kwa neno alilosema akiwa amesimama. Kunusa ni bure. Nimesema mara ngapi? Nusa.

Kijana wa Mokowe ameniletea picha ya boksi lake jana jioni. Limelowa maji, halina doa wala harufu ya dizeli, na rejeta anasema huijaza kila siku. Nimemwambia fundi wake huenda yuko sawa, ila apime mapovu kwanza, na gasketi ya zamani asiiache gereji.

Yangu niliidai. Mzee wa Mambrui aliigeuza mikononi, akapitisha kidole kati ya tundu na tundu, hakuna palipoungua. Nimeitundika msumarini juu ya mizani. Yule fundi hupita dukani mara moja moja, huitazama, halafu huuliza nazi leo bei gani.