Ukiambiwa Wewe Ndiye Mtemi, Fungua Daftari Kwanza

Msomaji mmoja wa Sikonge ameuliza: baba amefariki, wazee wamemwambia kiti cha utemi, yaani uchifu wa jadi, sasa ni chake, aanzie wapi? Aanzie kwenye daftari. Ngoma zisubiri.

Ajue kwanza anachorithi. Utawala wa machifu ulifutwa kwa sheria mwaka 1963. Abdallah Said Fundikira, mtemi wa Unyanyembe huko Tabora, aliitwa Chifu mpaka alipofariki mwaka 2007, ila baraza la kuhukumu na kukusanya kodi hakurudishiwa. Jina lilibaki, rungu likaondoka. Anayeingia akitafuta rungu ataumia, na ukoo utaumia naye.

Wengi hunasa kwenye ardhi. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, anayegawa ni halmashauri ya kijiji, tena baada ya mkutano mkuu wa kijiji kuridhia. Mtemi anayepokea mbuzi wawili ili "aonyeshe mpaka" hafanyi mila, anatapeli. Akiombwa ushahidi wa mipaka ya zamani, aseme anachokijua mbele ya mwenyekiti wa kijiji na watu wakisikia, kisha anyamaze.

Mirathi nayo ina njia yake. Nyumba, ng'ombe na fedha za marehemu zinapitia mahakama ya mwanzo: cheti cha kifo, muhtasari wa kikao cha ukoo wenye sahihi za waliohudhuria, na maombi kwa fomu namba 1. Msimamizi akishateuliwa ana miezi 4 kurudisha fomu namba 5 ya orodha ya mali na namba 6 ya hesabu. Hakimu atakupa usimamizi wa mali. Utemi hana wa kukupa. Kwa hiyo andikeni mihtasari miwili, wa mirathi na wa kiti. Ukichanganya, ndugu anayepinga kiti atazuia hata shamba la mjane.

Halafu nasaba. Andika majina, nani alimfuata nani, na kwa kanuni ipi. Unyamwezini zamani mpwa, mtoto wa dada, ndiye aliyerithi kwenye himaya nyingi. Watoto wa kiume walikuja kushika baadaye. Mzee akikuambia "tangu mwanzo ni mtoto wa kwanza", muulize tangu mwanzo wa nani. Na asikudanganye mtu kuwa mwanamke hakai kitini: Heru, huko Kasulu, ilikuwa na Mwami, yaani mtemi, Theresa Ntare.

Sasa vifaa, na hapa ndipo pa hatari hasa. Ngozi ya simba au chui na pembe ya ndovu ni nyara za serikali chini ya sheria ya wanyamapori ya 2009, hata kama aliyemuua mnyama ni babu wa babu. Kutokuwa na kibali ni kifungo kirefu. Usiipige picha, usipande nayo basi kwenda kwenye tambiko. Iache ilipo, nenda ofisi ya wanyamapori ya wilaya na wazee wawili, uombe maelekezo kwa maandishi. Kibangwa (kombe la duara analovaa mtemi) na mikuki viandikwe kimoja kimoja: urefu, alama, nani anavitunza. Mnunuzi wa vitu vya kale akija na bahasha, mfunge mlango. Kuvitoa nje ya nchi kunahitaji kibali.

Ngoma yenyewe usiitundike jikoni, moshi na joto hukausha ngozi ikapasuka kwenye vigingi. Iinue juu ya sakafu, mbali na mchwa, na ikilegea ianike jua la asubuhi tu.