Jibu: Gesi hiyo ni ya diski au ya nyota yenyewe?
Assalamu alaykum ndugu yangu. Umeuliza wanafalaki hujuaje kwamba gesi wanayoiona imo ndani ya diski ya vifusi (duara bapa la vumbi na vipande vya miamba na barafu linaloizunguka nyota), na si ya nyota yenyewe wala ya anga iliyo kati yetu nayo. Nyota Beta Pictoris, iliyo umbali wa takriban miaka 63 ya nuru, hulijibu swali hili vizuri, na sisi wa Lamu twaweza kuiona kwa macho karibu na Suheli, nyota ya manahodha wetu.

Diski yake tunaitazama kwa ubavu, hivyo nuru ya nyota hupita ndani ya gesi kabla ya kutufikia, na kalsiamu iliyomo hufyonza sehemu yake yenye urefu wa wimbi wa karibu nanomita 393, ikiacha mstari mweusi nuru hiyo inapotawanywa katika rangi zake. Kwa kuwa nyota hiyo hujizungusha kwa kasi kubwa, mistari ya angahewa yake imetanuka, ilhali mstari wa gesi ya diski ni mwembamba, na mahali ulipo huonyesha kwamba gesi hiyo yaenda kwa mwendo ule ule wa nyota. Kinachonivutia zaidi ni mistari mingine inayotokea na kutoweka kwa saa au siku chache. Gesi ya anga ya mbali haibadiliki upesi hivyo, na maelezo yanayokubalika ni kometi, yaani vipande vya barafu na vumbi, zinazovukizwa zikiikaribia nyota.

Darubini za redio za ALMA, nchini Chile, zimeonyesha pia kaboni monoksaidi. Miale ya urujuanimno huivunja kwa takriban miaka 100 tu, nayo nyota ina umri wa miaka milioni 20 hivi, kwa hiyo lazima gesi hiyo izalishwe upya na vipande vya barafu vinavyogongana.