Maswali ya Wasomaji: Maabara, Michoro ya Kolo na Sauti ya Saba ya Wagogo

Mwalimu wa sekondari, Kondoa: Wahariri, salaam. Vijana wangu wa PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia) wanasema binadamu ataelezwa kwa vinasaba na kemia, mengine ni hadithi. Wa HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza) wanawajibu kwamba hakuna kipimo kilichowahi kueleza kwa nini mtu anaimba msibani. Nataka kuwapeleka wote Kolo, penye michoro ya kale ya miambani, wafanye kazi moja. Nianzie wapi, na niwe macho na nini?

Jibu: Mwalimu, Kolo panafaa kuliko mdahalo wowote wa ukumbini, maana pale kila upande utakwama mapema. Michoro ya Kondoa, ambayo UNESCO iliiingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006, imetapakaa katika miamba zaidi ya 150. Mingi ni myekundu: watu wembamba, twiga, tembo, pofu. Hiyo huhesabiwa kuwa ya wawindaji. Mahali pengine juu yake imekaa michoro myeupe, minene, inayodhaniwa kuwa ya wakulima na wafugaji waliokuja baadaye.

Anza na swali la wanasayansi wako: ina umri gani? Watataja kaboni-14, nawe uwaache waseme mpaka mwisho. Kisha waulize kaboni iko wapi. Rangi nyekundu ni ngeu, yaani oksidi ya chuma, na kipimo hicho kinataka kitu kilichowahi kuwa hai. Hata kama rangi ilichanganywa na mafuta ya mnyama, kilichosalia huwa kidogo mno, na moshi wa mioto ya baadaye unatosha kupotosha jibu. Watahamia kwenye kuchimba: kupima makaa ya tabaka lenye vipande vya ngeu chini ya ukuta. Makaa yatatoa umri mzuri tu, lakini ngeu hupakwa pia mwilini na kwenye ngozi. Kipande kilichodondoka chini hakithibitishi kwamba ndicho kilichochora ukutani. Kipimo kinaweza kuwa sahihi na hitimisho likawa bovu, na hili vijana wa sayansi hulisikia kwa nadra darasani.

Kinachobaki ni kusoma tabaka za rangi: kilicho juu kilikuja baadaye. Hapo jicho lililozoea kuchora humzidi mwanakemia.

Wagawe wannewanne, wawili kutoka kila tahasusi. Wawili wapige picha ukuta ukiwa kivulini, bila flashi, simu ikiwa sambamba na mwamba, na rula ya sm 10 ishikwe pembeni bila kugusa. Picha zikipitishwa kwenye programu ya DStretch, rangi iliyofifia hujitokeza. Tahadhari: programu hiyo hutia rangi zisizo za kweli, na doa la kawaida la madini linaweza kuonekana kama mguu wa mnyama. Kila kilichoonekana kwenye skrini kihakikiwe tena ukutani.

Wawili waliobaki wachore kwa mkono kwenye karatasi ya miraba, kwa kipimo cha 1:5. Mwanaakiolojia Mary Leakey alipofanya kazi hapa mwaka 1951 alinakili kwa kuweka selofani juu ya mwamba. Msimwige, rangi inabanduka. Baya zaidi ni kumwagia maji ili rangi iwake. Maji huyeyusha chumvi iliyomo kwenye mwamba, nayo yakikauka chumvi huganda upya chini ya rangi na kuisukuma nje, au huacha utando mweupe usiotoka.

Kwenye maana, watakaokwama ni HGL. Baadhi ya wataalamu wamelinganisha watu wenye vichwa vikubwa na ngoma ya simbo ya Wasandawe, ambamo mchezaji hupandwa na hali isiyo ya kawaida. Ni dokezo zuri, na maabara isingelitoa. Ila Msandawe wa leo hawezi kubebeshwa usemaji wa mchoraji wa kale. Wape daftari lenye safu mbili, *nilichoona* na *ninachodhani*, na anayeandika "mganga" katika safu ya kwanza arudi ukutani.

Kwenye mwamba wa Mungomi wa Kolo kuna jambo gumu zaidi. Watu bado hufanya matambiko pale, na pombe ikirushwa ukutani huharibu rangi. Kemia iko wazi. Lakini kwa wanaotambika, pale ni mahali panapotumika, si makumbusho. Waache wabishane hapo hapo, na usiwape jibu. Mwongozaji wa kituo aulizwe kabla ya kupanda. Kama kuna tambiko, rudini siku nyingine.

Mpiga kinanda wa kwaya, Chamwino: Tukiimba wimbo wa Kigogo, sauti moja hugongana na kinanda kila mara. Waimbaji wanakosea?

Jibu: Hawakosei, ndugu. Uimbaji wa Wagogo umejengwa juu ya haramoni, yaani sauti ambazo uzi mmoja hutoa wenyewe, hasa ya 4 hadi ya 9. Tuseme msingi ni hezi 100: haramoni ya 4 ni 400, ya 7 ni 700. Kinanda chenye do ya 400 hakina 700. Kitufe cha karibu kinalia kama 713. Kubadili ufunguo hakusaidii, pengo linahama nawe.

Hakikisha kwa gitaa la uzi wa sm 65. Gusa uzi kwa ncha ya kidole sm 9.3 kutoka daraja (pale uzi unapokaa kwenye tumbo la gitaa), kisha charaza katikati ya kidole na daraja. Ukibonyeza badala ya kugusa, sauti inakufa. Inayolia ndiyo ya 7, na wazee wa zeze wataitambua mara moja.

Kama kinanda chako kinaruhusu kurekebisha kitufe kimoja kimoja, shusha hicho kinacholia 713 kwa senti 31 (senti ni sehemu moja ya mia ya pengo la vitufe viwili vinavyofuatana), na cha mi kwa senti 14. Fizikia inaeleza sauti ya 7 inatoka wapi. Kwa nini Wagogo waliichukua na jamii nyingine nyingi zikaiacha, ilhali koo za kuimbia ni zile zile, waulize wanaoimba. Kama kinanda hakirekebishiki, kizimeni. Ngoma za muheme zinatosha.