Kelele za kwenye santuri ya Etta

Mwanangu,

Hatujambo hapa nyumbani. Jumapili uliniuliza swali, ukaondoka kabla sijakujibu: kwa nini nang'ang'ania ile albamu ya bluzi yenye kelele za watu, wakati zile ulizonipakulia kwenye simu ni safi?

Albamu hiyo ni Etta James Rocks the House, ya mwimbaji Mmarekani Etta James. Ilirekodiwa Septemba 1963 ndani ya New Era Club, klabu ya watu Weusi mjini Nashville, Marekani. Etta alikuwa na miaka 25, umri wako huo huo. Studio walikuwa wamekwisha kumpamba: ule wimbo wa At Last mlioupiga kwenye harusi ya dada yako umejaa fidla tele. Nashville hakuna fidla hata moja. Kuna gitaa, ngoma, saksafoni, na watu waliokuja kutafuta raha.

Wimbo wa kwanza, Something's Got a Hold on Me, usiuruke. Haparamii maneno. Anavuta sauti, anaachia nafasi, watu wanaitikia. Anavuta tena, wanaitikia kwa nguvu zaidi. Mdundo unakuja kukazwa baadaye. Huyo alianza kuimba kanisani Los Angeles akiwa na miaka mitano, na hata akiimba mapenzi, kanisa halijamtoka kooni. Ukiwatoa wale watu, ile nafasi anayoiacha inabaki pengo.

Unaofuata ni Baby What You Want Me to Do. Hapo anaacha maneno kabisa, anaiga ala ya kupuliza kwa koo na midomo. Sauti inakwaruza, inakoroma, inapanda, na ukumbi unalipuka. Siku ya kwanza nilidhani kweli kuna mtu anapuliza hamonika. Baba yako alinicheka wiki nzima. Nina hakika studio wangemwambia arudie, aimbe vizuri.

Na wewe, mbona kwenye taarabu hulalamiki? Watu wanainuka kutuza, vigelegele mpaka ubeti haushikiki, na wewe huwa wa kwanza kusimama na noti mkononi.

Ukija, spika ya kushoto usiiguse, inakoroma na fundi ananipiga chenga tangu mwezi uliopita. Tutasikiliza kwa hiyo moja ya kulia.

Mama yako