Gari ya R12: kabla hujauliza gesi, uliza oili

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya AC, kila siku mwaniuliza gari ya zamani iliyokuja na R12, ile gesi ya kizamani ya kupozea, iwekwe gesi gani. R134a, basi. Watengenezaji wenyewe walihamia huko miaka ya 90, baada ya mkataba wa Montreal wa 1987 kuibana R12 kwa ajili ya ozoni. Lakini kinachowamaliza mafundi si gesi, ni oili.

Mimi lishanipata. Ililetwa gari ya saluni ya 1989 hapa Changamwe, Mombasa, R12 ishavuja yote, nikapiga 134a juu ya oili ileile ya kizamani, baridi ikatoka freshi, mwenye gari kafurahi mpaka kaninunulia soda. Wiki tatu hazikwisha, huyo karudi, kompresa, ile pampu ya gesi, yalia kama kinu cha posho. Kumbe ile oili ya mineral haichanganyiki na 134a, kwa hivyo hairudi nayo kwenye kompresa, yabaki imelala huko kwenye evaporeta, pale hewa inapopozwa, na kompresa inajisaga kavu. Nikalipa mimi.

Siku hizi namwaga oili yote, naflashi mapaipu, naweka oili ya ester maana yavumilia mabaki ya ile ya zamani kuliko PAG, ile oili nyingine ya 134a. Na mkebe usiuache wazi hata ukienda kunywa chai, hewa ya hapa mwaijua, chumvi tu jikoni yalowa, na oili hizi zanyonya unyevu vivyo hivyo. Drayeri mpya, ile chupa ya kunyonya unyevu, vizibo vyake usivitoe mpaka dakika ya mwisho, oringi za 134a, vakyum ya kutoa hewa na unyevu nusu saa kwenda juu.

Kibandiko kikisema R12 gramu 900, anza na 720 hivi, kwa mizani. Msifuate mapovu kwenye kile kioo kidogo cha kuangalia gesi, kwa 134a kinadanganya, ukingoja yaishe ushazidisha.

Na mkiambiwa mtie gesi ya jikoni badala yake, inapoza, sikatai, ila inashika moto, na evaporeta iko ndani ya dashibodi, ikivuja yawavujia abiria. Mimi siigusi.

Ukimaliza usiijaribu kwa kuikimbiza Nyali, kule upepo wakusaidia. Iache inguruma imesimama saa saba mchana, kama iko foleni ya feri Likoni, uangalie geji ya presha ya juu. Ikipanda tu haitulii, ongeza feni kwenye kondensa, ile ya mbele inayotoa joto la gesi, ndio umpigie mwenyewe simu.